Ampli mbili kwa bafle moja

Leo naongea juu ya bafle. Wapo vijana wa mtaa wetu wa Majengo, hapa Goma, wanaoshuka sokoni Birere kununua bafle zilizokwisha kutumika Ulaya. Wakizigeuza wanakuta mgongoni vishikio vinne vya waya, viwili vyekundu na viwili vyeusi, mahali walipozoea kuona viwili tu. Kisha wanakuja na swali: vishikio vinne ni vya nini, na je, nikifunga ampli mbili badala ya moja, nitasikia nini zaidi?

Jibu langu nalitoa mapema, ili hata anayelazimika kuzima redio sasa hivi aondoke na kitu. Ukizifunga ampli mbili kwa njia rahisi, ile inayofuatwa na wengi, faida yako ni ndogo sana. Ukizifunga kwa njia ambayo mafundi wa sono, yaani mitambo ya muziki ya harusi, hapa Goma wanaitumia kila Jumamosi, utasikia muziki mwingine kabisa, hata kama ampli zako ni ndogo na zinakula betri. Tofauti ya njia hizo mbili ni mahali unapoigawa sauti: kabla haijaingia kwenye ampli, au baada ya kutoka.

Tuanze ndani ya kasha. Bafle ya kawaida ya sebuleni ina spika mbili. Ile kubwa ni ya besi. Koni yake ni pana na inasukuma hewa nyingi. Ile ndogo ni twita, yenye kiwambo chepesi cha hariri au cha alumini, na ndani yake waya mwembamba usiovumilia joto. Umeme wa besi ukiingia kwenye twita, waya ule unaungua. Kwa hiyo kiwandani huweka kichujio katikati: koili za shaba zinazozuia sauti za juu zisiende kwenye besi, na kapasita zinazozuia sauti za chini zisiende kwenye twita. Katika bafle nyingi za spika mbili, mpaka huo uko kati ya hezi 2,000 na 3,000.

Bafle yenye vishikio viwili inapokea sauti yote kwa mlango mmoja, na kichujio kinagawa. Bafle yenye vishikio vinne, aina iliyoenea sana miaka ya 1990, kichujio chake kimekatwa nusu mbili: vishikio vya chini vinakwenda upande wa besi, vya juu vinakwenda upande wa twita. Kutoka kiwandani vimeunganishwa kwa vibati viwili vya chuma, kimoja kikiunganisha vyekundu, kingine vyeusi. Nawaomba mvikumbuke vibati hivyo, nitavirudia, kwa sababu ndivyo vinavyoua ampli.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike kuigawa sauti? Sikilizeni rumba yetu. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville pamoja, katika orodha ya urithi wa binadamu, na mimi nasema urithi wa namna hiyo unastahili kusikika kama ulivyopigwa. Chukueni rekodi yoyote nzuri ya Franco na TPOK Jazz ya miaka ya 1980. Chini kabisa kuna gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene ukipigwa wazi unatoa sauti ya hezi 41. Juu yake kuna gitaa la kusindikiza, juu yake tena mi-solo, kisha solo, kisha tarumbeta na saksofoni, na huko juu kabisa sahani za ngoma. Wakati wa maneno kila mmoja ana nafasi yake. Sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, ikianza, wote wanaingia kwa nguvu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ampli ndogo inaposhindwa, na hapo ndipo unasikia mi-solo imegeuka kelele ya bati kila mara gitaa la besi linapoguswa.

Kinachotokea ni hiki. Katika waya mmoja, sauti za juu hazisafiri kando ya besi. Zinasafiri juu yake. Fikirini kijana amembeba mdogo wake mabegani, wanapita mlangoni. Kila mmoja peke yake angepita bila kuinama. Wakiwa wamebebana, kichwa cha mdogo kinagonga kizingiti cha juu. Kizingiti hicho ni volti za mwisho ambazo ampli inaweza kutoa. Na tazameni aliyeumia: aliyeongeza urefu ni besi, lakini kilichokatwa ni kichwa cha sauti za juu.

Tuiweke kwa hesabu. Tuseme besi inahitaji volti 20 kwenye kilele chake, na sauti za juu nazo zinahitaji volti 20. Vilele vikikutana, ampli inadaiwa volti 40. Kwenye bafle ya omu 8, kufikia kilele cha volti 40 ni kazi ya ampli ya wati 100. Ukiigawa sauti kwanza, kila ampli inadaiwa volti 20 tu, na hiyo ni kazi ya wati 25. Maana yake ampli mbili za wati 25, zikigawiwa vizuri, zinaweza kufanya kazi ambayo ingeitaka ampli moja ya wati 100. Siyo 50, ni 100. Kwa muziki wa kweli faida inapungua kidogo, maana besi mara nyingi ina nguvu kuliko sauti za juu, lakini inabaki faida ya kuisikia kwa masikio.

Hapo sasa turudi kwenye njia rahisi. Njia rahisi ni hii: unaondoa vibati, ampli ya kwanza unaipeleka vishikio vya chini, ya pili vya juu, na zote mbili unazipa sauti ileile kutoka kwenye simu au kwenye priampli, kwa waya wa RCA uliogawanyika. Kwa macho imegawika. Lakini kichujio bado kiko ndani ya bafle, baada ya ampli. Kila ampli inapokea muziki wote, besi na sauti za juu, na inajaribu kutoa volti zote 40. Wale ndugu wawili bado wamebebana, ila sasa wanapita milango miwili, na katika kila mlango kichwa kinagonga. Kilichopungua ni mkondo tu: ampli ya twita inatoa mkondo mdogo na haipati joto. Ndiyo maana nawaambia vijana wasiuze simu kwa ajili ya kununua ampli ya pili ya kufunga namna hii. Pesa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi penginepo, na nitasema ni wapi.

Na hata anayetaka kujaribu njia rahisi kwa kuwa ampli mbili tayari anazo, avitoe vibati kwanza, kabla ya kugusa waya mwingine wowote. Ukiviacha, matokeo ya ampli ya kwanza yanakutana uso kwa uso na ya ampli ya pili. Hazitoi volti sawasawa kila sekunde, kwa hiyo moja inaisukuma nyingine, na transista za matokeo zinaungua, pengine kabla hujamaliza wimbo wa kwanza. Vibati viwili vyote, wandugu: chekundu na cheusi. Wapo wanaoondoa chekundu na kukiacha cheusi, wakiamini kwamba cheusi ni ardhi na ardhi ni moja. Katika ampli nyingi ndogo za siku hizi, cheusi si ardhi. Kina volti zake. Vikiunganishwa vyeusi vya ampli mbili za aina hiyo, zimekufa.

Njia ya pili, ile ninayoiheshimu, ni ya watu wa sono. Anayekwenda harusini hapa mjini ameiona, hata kama hakuijua. Chini kuna makasha makubwa ya besi, juu yake makasha madogo ya sauti za kati na za juu. Pembeni kuna kabati la vyuma, na ndani yake ampli moja inasukuma besi peke yake, nyingine inasukuma ya juu peke yake. Kati ya mikisa na ampli hizo kuna chombo chembamba chenye vitufe vya kuzungusha: krosova. Krosova inapokea sauti ikiwa bado ndogo, ya volti moja hivi, inaikata mara mbili, na kila ampli inapata sehemu yake tu. Walioshuhudia Festival Amani tangu ile ya kwanza ya Februari 2014 katika uwanja wa Mwanga walisikia kazi ya aina hiyo ikifika mbali bila sauti ya mwimbaji kumezwa na besi. Jukwaa kubwa la muziki haliwezi kufanya kazi kwa namna nyingine.

Hesabu ya kukata vizuri haikutoka kwenye majukwaa. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Hewlett-Packard huko California, alichapisha namna ya kukata sauti ambayo aliifikia pamoja na mwenzake Russ Riley. Mkato wao unashuka kwa desibeli 24 kila oktava, na uzuri wake ni kwamba pale mpakani spika mbili zinakwenda pamoja, hazipingani, na jumla yao haina shimo wala nundu. Leo krosova nyingi za sono zinakata hivyohivyo, na ukizungusha kitufe chake katika ukumbi wowote wa Goma unatumia kazi ya watu hao wawili.

Swali la Majengo ni hili: je, inawezekana nyumbani, kwa mtu asiye na pesa ya sono? Inawezekana, na hapa nataka kukaa kidogo.

Nyumba nyingi za mtaa wetu siku hizi zina betri ya volti 12 na kibao kimoja cha jua juu ya bati. Mjini umeme unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi kupitia shirika la SNEL, na kuna pia umeme wa Virunga, wa mtambo wa Matebe kule Rutshuru uliozinduliwa Desemba 2015. Lakini sote tunakumbuka Januari 2025, mji ulipokaa siku kadhaa gizani katikati ya vita, na hata katika siku za kawaida hakuna anayeweza kuapa kwamba taa itawaka saa moja jioni. Kwa hiyo mimi nawashauri watu waujenge muziki wao juu ya betri. Ziko ampli ndogo, kibao kimoja tu cha elektroniki, zilizojengwa juu ya chipu ya Texas Instruments iitwayo TPA3116. Zinakubali umeme wa volti 12 hadi 24. Kwa volti 12 na bafle za omu 8, chipu hiyo inatoa wati 7 au 8 safi kwa kila upande. Ni kidogo, na ndiyo maana wengi huzidharau. Lakini ukiwa na vibao viwili na krosova mbele yake, ile hesabu ya milango inaanza kukufanyia kazi: wati zako 7 na 7 zinasimama mahali ambapo ampli moja ingehitaji karibu 30. Katika chumba cha mita nne kwa tano, na bafle zisizo na uvivu, hiyo inatosha kusikiliza sebene kwa raha bila ya kumwamsha mtoto wa jirani.

Na krosova je? Nendeni kwa mafundi wa redio za gari. Krosova ya gari inakula volti 12 zilezile za betri, ina milango ya RCA, na ina vitufe vya kuchagua mpaka. Jihadharini na jambo moja: nyingi zimetengenezwa kutenga besi nzito tu, na mpaka wake unaishia hezi 200 au 250. Hiyo haitakata kati ya spika ya besi na twita. Unahitaji ile inayoweza kupanda hadi hezi 2,000 na zaidi. Muulize fundi akuonyeshe namba kwenye kitufe kabla hujatoa pesa.

Anayetaka kufuata njia hii mpaka mwisho atalazimika kufungua bafle na kukiondoa kichujio cha ndani, ili waya wa ampli ufike moja kwa moja kwenye spika. Usikitupe, kifunge kwenye mfuko na ukiweke; siku utakapouza bafle utakirudisha. Kisha kuna kitu kimoja ambacho katika mji huu siwezi kumruhusu mtu akisahau. Ukiondoa kichujio, twita yako inabaki uchi mbele ya ampli. Umeme ukikatika na kurudi ghafula, ampli inaruka, inatoa mshindo mmoja wa chini, na twita inakufa papo hapo. Mahali ambapo umeme haukatiki, mtu anaweza kubahatisha. Hapa hapana. Weka kapasita moja mfululizo na twita, isiyo na upande wa chanya na hasi, ya mikrofaradi 20 kwa twita ya omu 8. Hiyo inaanza kuzuia chini ya hezi 1,000, kwa hiyo haigusi sana muziki wa twita, ila mshindo wa umeme unaporudi unaishia pale. Kama una kapasita yenye namba inayokaribia hiyo, 18 au 22, itafanya kazi.

Desturi ya kuwasha nayo inafuata hapo. Washa simu au redio kwanza, halafu krosova, ampli ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume: ampli kwanza. Na umeme ukikatika mkiwa mnasikiliza, usingoje, simama uzime ampli, hata kama giza ni nene, kwa sababu hujui utarudi na volti ngapi. Wale wanaotumia umeme wa mji, ampli zote mbili zichomekwe kwenye ralonji moja, kwenye tundu moja la ukutani. Ukichomeka moja huku na nyingine kule, kati ya ardhi mbili kunapita mkondo mdogo kwenye waya wa RCA, na unasikia ngurumo isiyokwisha ya hezi 50. Wapo wanaoitibu kwa kukata waya wa ardhi. Wasifanye hivyo. Sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano, na fundi yeyote wa umeme wa Goma atakuambia jinsi ilivyo kazi kupata ardhi nzuri kwenye lava. Hata ile kidogo tuliyo nayo ndiyo inayomlinda mtoto anayegusa kasha la chuma la ampli. Na wenye betri, waya wa hasi wa krosova na wa ampli zote mbili ukutane mahali pamoja, kwenye betri yenyewe.

Kuna mama mmoja alinieleza kwamba hataki mtu afungue bafle zake, maana ni ukumbusho wa mume wake, na ninamwelewa kabisa. Kwake na kwa wengine kama yeye, iko njia ya katikati ambayo haisemwi mara nyingi, nami naipenda kwa sababu haina gharama. Bafle iwe na vishikio vinne, kichujio kibaki ndani, vibati vitoke. Ampli ya chini ipate muziki wote. Ampli ya juu, kabla ya mlango wake wa kuingilia, kwenye ule waya wa RCA, itiwe kapasita ndogo. Kama mlango wa ampli una omu 20,000, kapasita ya nanofaradi 15 itazuia sauti zilizo chini ya hezi 500 hivi. Kwa hilo dogo tu, ampli ya twita haioni besi tena. Gitaa la besi likipanda, ampli ya chini inaweza kugonga kizingiti, lakini mikwaruzo inayotokana na kugonga inazuiwa na kichujio kilicho mbele ya spika ya besi, na yule wa juu anapita mlangoni peke yake, mzima. Mama huyo hatapata faida yote ya watu wa sono. Atapata ile sehemu ambayo sikio huishukuru zaidi: sauti za juu zisizochanika.

Njia yoyote mtakayochagua, ampli mbili lazima zitoe sauti kwa kipimo kimoja. Ampli za aina moja, za kiwanda kimoja, hazina tatizo. Hizo nashauri mzigawe kwa bafle, ampli moja kwa bafle ya kushoto, nyingine kwa ya kulia, kila moja isukume besi kwa upande wake mmoja na twita kwa upande mwingine. Kazi nzito inagawanyika, na waya zinakuwa fupi. Lakini ukiwa na ampli mbili tofauti, basi moja ichukue besi za bafle zote mbili, nyingine twita zote mbili, na uzisawazishe. Chomoa bafle zote, na krosova iwekwe kando kwanza. Tafuta sauti moja isiyobadilika, ya hezi 400, ziko nyingi za kupakua kwenye simu. Pima matokeo ya kila ampli kwa mita ya fundi, upande wa volti za AC, na uzungushe volimu mpaka zote zisome namba moja, tuseme volti 2. Zikitofautiana kwa asilimia 10, hiyo haifiki desibeli 1, sikio litasamehe. Moja ikitoa mara mbili ya nyingine, tofauti ni desibeli 6, na muziki wote umepinda. Ukimaliza, tia alama ya wino kwenye vitufe vya volimu na usiviguse tena. Volimu ya kila siku iwe ya simu au ya priampli, ile iliyo kabla ya mgawanyo.

Halafu upande wa chanya na hasi. Spika ya besi unaweza kuijaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5: gusa chanya kwenye alama nyekundu, koni isonge mbele. Twita usiifanyie hivyo hata siku moja. Kwa twita, kaa mahali unapokaa kila siku, weka wimbo wa mwanamke anayeimba peke yake, sikiliza, kisha geuza waya mbili za twita na usikilize tena. Kwa namna moja sauti yake itakuwa karibu, imejaa. Kwa nyingine itakuwa na tundu katikati, kama haina kifua. Baki na ile iliyojaa. Msishangae mkikuta inayofaa ni ile iliyogeuzwa: krosova inayokata kwa desibeli 12 kila oktava huhitaji upande mmoja ugeuzwe, ile ya Linkwitz na Riley ya 24 haihitaji.

Neno juu ya vyumba vyetu. Nyumba za mbao zina tabia yake. Ukuta wa zege unarudisha besi chumbani. Ukuta wa mbao unatikisika na kuiacha itoke, kwa hiyo ndani besi inaonekana haba, na mtu anaongeza volimu wakati jirani tayari anaipata yote. Msiongeze volimu. Sogezeni bafle karibu na pembe, na kama mna krosova, pandisheni upande wa besi kidogo tu. Sakafu ya mawe mazito ni msaada, bafle ikae imara juu yake. Na vumbi letu jeusi, hilo linaingia kwenye vitufe vya volimu na kuvifanya vikwaruze, linaziba feni za ampli. Funikeni vyombo kwa kitambaa vikiwa vimezimwa tu. Vikifunikwa vikiwa vinafanya kazi, vinaungua.

Niliahidi kusema pesa ya ampli ya pili ingefanya kazi zaidi wapi. Bafle hizi zinazofika Birere zina umri. Nyingi zina ukingo wa sponji unaoizunguka koni ya besi, na sponji hiyo, baada ya miaka 15 au 20, inaoza, hata kama bafle ilikaa sebuleni kwa mtu mwangalifu. Kabla ya ampli, kabla ya krosova, toa kitambaa cha mbele na uguse ukingo huo kwa kidole. Ukibaki na unga mweusi kidoleni, besi yako imekwisha kufa, na hakuna ampli itakayoifufua. Ukingo mpya unabandikwa kwa gundi, mafundi wenye mkono mzuri wapo hapa mjini, na bei yake ni ndogo kuliko ya ampli yoyote. Ukingo ukiwa mzima, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote kwa usawa, huku umeinamisha sikio. Isipokwaruza ndani, nunua krosova.